Mama Mukwe mu Mashua ya Musée

Leo nimejiaibisha. Tena mu musée. Tena mbele ya mama mukwe. Mukae, niwaambie.

Muchumba wangu Muhindo, munamujua. Mama yake ni mwanamuke wa Butembo, muntu wa misa na wa biashara, iko na kamyo za kupeleka sabuni na chumvi mupaka Walikale. Tangu zamani anasemaka: "Nitamuangalia kwanza huyo binti wa Kibabi." Leo njo ilikuwa siku ya kuniangalia. Akisema ndiyo, wanakuja kwetu kuposa. Akisema hapana, Muhindo anatafutiwa mwengine. Basi Muhindo na dada zake wawili wakaamua tumutembeze mama mu musée, makumbusho ya mashua za zamani, kule Goma, kando ya ziwa.

Asubuhi shangazi alinipigia telefone. "Leo usionyeshe ile nguvu yako. Tembea polepole. Ongea polepole. Uwe mupole."

"Shangazi, mimi? Mupole njo jina yangu!"

(Niseme ukweli: nauzishaka maharagwe. Barabara ya kwenda Kalembe naijua tope kwa tope. Mikono yangu siyo ya kushika maua.)

Mwanzo niliweza kabisa! Liputa mupya ya kitenge, shingo wima, natembea kama nimebeba mayai. Mama alifika na hasira, anamugombeza shofere wake ku telefone, kamyo yake imekwama mu tope kule Kalembe na haitoke. Kiongozi wa musée anatuonyesha makasia, nyavu, taa za meli, mimi naitika tu, "Ah bon? Ah bon?" Mama akanichekea kidogo. Nikasema mu roho, binti, umeshinda.

Jua likawa kali, nikaenda kumununulia Mama maji. Kurudi nakuta nini? Inje, pale ku muteremuko wa ziwa, kuko mashua ya mbao juu ya kigari cha magurudumu. Mama amekaa ndani, kasia mu mukono. Muhindo na dada zake wawili wameinama nyuma, mikono ku mbao, meno inje.

Jameni, kwetu ukiona watu wameinama nyuma ya kitu, hauulizaka. Unavua viatu, unasukuma.

Nikaweka maji chini. Nikavua viatu. Nikaona jiwe nyeusi mbele ya gurudumu. (Hawa watu wa muji! Watasukuma mupaka kesho na jiwe iko pale!) Nikalitupa kando. Nikaweka bega.

"Haya, wote! Sukuma!"

"Acha!" Muhindo akalia. "Acha, acha!"

(Hakukosaka mulegevu mumoja wa kusema acha. Hatumusikilizaka.)

Ikaondoka! Nikapiga vigelegele. Peke yangu. Njo nikamuona kiongozi amesimama pembeni na telefone ya Muhindo. Walikuwa wanapigwa foto. Walikuwa wanajifanya kusukuma. WANAJIFANYA!

Na Mama tayari iko mu ziwa.

"Salamu Maria!" Mama alilia, kasia juu.

"Ile ni ya kuangalia tu!" kiongozi akapiga kelele. "Iko na matundu!"

Mungu wangu! Niliingia mu maji na liputa yangu mupya, mupaka kiuno, nikakamata kamba ya mashua, nikavuta. Muhindo alifika kunisaidia, mimi nimeshamaliza. Mama akashuka, viatu vimejaa maji. Akaniangalia kutoka miguu mupaka kichwa. Nikajua ndoa yangu imebaki mule mu ziwa.

"Binti."

"Ndiyo, Mama. Unisamehe, Mama."

"Umeivuta peke yako? Na mimi ndani?"

"Ndiyo, Mama."

Akamugeukia Muhindo. "Ambia shangazi yake tunakuja kuposa. Lakini kesho asubuhi, huyu apande kwanza Kalembe, kamyo inamungoja."

Basi, nimekubaliwa. Kama bibi-arusi ao kama trakta, sijue bado. Foto iko, imetoka muzuri sana, lakini wa kwanza kucheka nitamusukuma naye.