Udongo wa Nasieku

Watu wa Tanga walipomchoka Mikidadi, alipanda zake Arusha na punda wawili, kanzu safi na ulimi unaoteleza kama mlenda. Wakati huo mji ulikuwa ndio kwanza unajivuta kutoka kwenye boma la Wadachi, na kila ulipojivuta ulimeza shamba la mtu. Safari hii lilikuwa la mjane Nasieku: migomba ing'olewe, mawe yatandazwe, maduka yajengwe. Alipewa siku sita.

Sokoni Mikidadi akamsikia mzee Lemburis akimnong'oneza mwenzake, mnong'ono wa kusikika hadi ng'ambo ya mto: "Mgiriki anatafuta udongo mweusi wa miche ya kahawa. Rupia nzima kwa mzigo wa punda! Jumamosi anakuja kuuchukua kwangu, Sekei. Ila Nasieku asijue."

Mikidadi hakumaliza hata kahawa yake.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja kukupa pole."

"Marahaba. Pole yako ina miguu mingapi?"

"Minne," akajibu, akimvuta mbuzi. "Chukua huyu. Mimi niachie udongo tu, usije ukafukiwa bure chini ya mawe."

Nasieku akaitazama migomba aliyoipanda mwaka aliojifungua mtoto wa kwanza. Machozi yakamtoka, na yalikuwa ya kweli kabisa.

"Wawili," akasema.

Siku tano Mikidadi alichimba, akajaza magunia, akapanda kilima nyuma ya punda. Kanzu ikawa nyeusi, mgongo ukagoma kunyooka. Jumamosi akaketi juu ya lundo la udongo katika shamba la Lemburis, lililokuwa mawe matupu, akimngoja Mgiriki hadi jua likapinda.

"Mgiriki gani?" Lemburis akauliza.

"Wa miche!"

"Aa, huyo. Kaghairi. Basi niondolee uchafu wako."

"Niupeleke wapi, mzee? Kule wameshaanza kumwaga mawe!"

"Twende bomani, basi, ukamweleze Bwana Mkubwa nani kageuza kiwanja chake shimo."

Mikidadi alikifahamu kiboko cha bomani. Wakabishana, wakasihiana, mwisho akamwachia Lemburis punda mmoja ili aruhusiwe kuuacha udongo pale pale.

Mara Nasieku akatokea, kichwani ana mzigo wa machipukizi ya migomba.

"Kaka, tuanzie wapi?" akamuuliza Lemburis.

Mikidadi akamtazama Lemburis, kisha Nasieku. Nasieku akachomeka chipukizi la kwanza kwenye udongo laini.

"Mwanangu, nishikie hapa lisilale."

Mikidadi akashika.