Malalamiko Dhidi ya Rafu ya Divai Dukani kwa Irma

Kijiji cha Vazistavi, Kakheti
Mwishoni mwa Agosti

Ndugu Mhariri wa gazeti letu la wilaya,

Salamu nyingi na pole kwa kazi. Mimi ni Jumber Nozadze, mkulima wa zabibu, baba wa binti mmoja, na mtu asiyependa ugomvi. Naliomba gazeti lako lisaidie kulifunga duka la Irma Chilashvili kabla ya harusi ya binti yangu Tekla, mwezi wa kumi.

Usinielewe vibaya. Duka lilipofunguliwa nililibariki kwa mdomo wangu mwenyewe. Irma alirudi kutoka mji mkuu, Tbilisi, akakodi chumba kilichokuwa cha kinyozi, akaanza kuuza vyakula visivyopuliziwa dawa: maharage, asali, jibini, na mayai yasiyooshwa, eti ndiyo ushahidi. Tulicheka kidogo tukanyamaza, maana mayai machafu kila mtu anayo kwake. Kisha akaweka rafu ya divai za humu humu kijijini, zisizotiwa chochote zaidi ya zabibu. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Rafu hiyo inavunja amani. Hapa kwetu kila nyumba ina mtungi wake wa divai uliofukiwa ardhini, na kila mwanamume ana divai bora kuliko zote kijijini. Tumeishi hivyo tangu enzi za mababu bila kupigana, kwa sababu kila mmoja hunywa yake, na akienda kwa jirani huisifu ya jirani kwa adabu huku akimhurumia moyoni. Sasa Irma amezipanga chupa bega kwa bega na anaruhusu watu waonje! Jirani yangu Zaza amegundua kwamba divai yake ni ya tano. Zaza ni mtu mzima mwenye wajukuu, Ndugu Mhariri. Habari kama hiyo hapewi mtu wa umri ule bila daktari kuwapo.

2. Divai yangu ilikataliwa. Irma aliniuliza mbele za watu, "Mjomba Jumber, humu umetia nini?" Nikamjibu ukweli mtupu: sukari kidogo, kwa kuzionea huruma zabibu, na salfa kidogo, ile dawa ya kuzuia isichache, kwa usalama wa taifa. Akasema, "Basi mjomba, hii siwezi kuichanganya na hizi. Labda niiweke kule kwenye siki." Zaza alicheka mpaka akasahau kuwa yeye ni wa tano.

3. Kuna divai moja pale ambayo ni nzuri kupita kiasi. Niliinunua kwa ajili ya uchunguzi tu. Kwetu mwanamume akionekana ananunua divai ni sawa na kuonekana anaazima suruali, kwa hiyo niliificha kikapuni chini ya kabichi. Chupa haina jina la mtu, imechorwa kuku basi. Ni ya rangi ya asali, na chini imetuama tope jepesi. Bilauri ya kwanza ilinikasirisha. Ya pili ikanikumbusha marehemu mama. Baada ya ya tatu nilivuka barabara kwenda kumwomba Zaza msamaha kwa jambo ambalo hata yeye halijui. Kitu kinachomfanyia hivyo mtu wa heshima hakifai kuuzwa karibu na maharage. Nilimtaka Irma anitajie mwenye divai. Akasema, "Kaniapisha, mjomba. Nikitaja tu, haniletei tena."

3 tena, maana hili ni lile lile ila ni baya zaidi. Tekla ameiagiza divai hiyo ya kuku kwa ajili ya harusi yake! Mwaka aliozaliwa nilijaza mtungi na kuuziba kwa udongo kwa mikono yangu, kama afanyavyo kila baba, ili ufunguliwe siku atakapoolewa. Nilipomkumbusha, alinishika mkono akasema, "Baba, nakupenda sana. Ila wakwe watakunywa ile." Yaani wageni wote watakaa mezani kwangu, kwenye harusi ya mwanangu wa pekee, wakinywa divai ya mwanamume mwingine. Nimeumia sana, na sioni haya kuliandika.

4. Tukinyamaza, tutafika wapi? Leo wanaonja divai. Kesho wataonja supu za wake zetu na kuzipa namba. Keshokutwa tutapangwa rafuni sisi wenyewe, na watalii watatubonyeza mashavu kama nyanya.

Kwa hiyo naomba duka lifungwe. Kama sheria hairuhusu, basi chupa zigeuzwe ziangalie ukuta. Kama hilo nalo ni gumu, ipitishwe sheria kwamba ni marufuku kuonja divai ya jirani kabla ya bilauri ya saba, wakati ambapo divai zote huwa sawa. Na huyo mwanamume wa kuku ajitokeze hadharani nimwone uso.

Nawasalimu wote hapo ofisini: mpiga picha aliyekuja mwaka ule wa mvua ya mawe, mama anayewapikia chai, na mkeo pia, ambaye simfahamu lakini namheshimu.

Wako mwenye masikitiko,
Jumber Nozadze,
mwenye divai bora Vazistavi (kwa hesabu ya zamani)

Nyongeza: Nilimpa mke wangu Lamara barua hii aisome kabla ya kuituma. Alipofika kwenye "mwanamume wa kuku" alikaa juu ya gunia la mahindi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Baba Tekla, mwanamume huyo ni mimi."

Ana mtungi mdogo nyuma ya banda la kuku, ambao miaka yote nimeambiwa ni wa mboga za siki. Humo hutia zabibu ninazozitupa wakati wa mavuno kwa kuwa zina sura mbaya, wala haongezi kitu. Nilimuuliza kwa nini amenificha. "Ningekwambia, ungekuja na sukari yako." Tekla alijua. Irma alijua. Kuku walijua.

Kwa hiyo nafuta la 1, la 2, la 3 yote mawili, na la 4. Duka lisiguswe. Tafadhali chapisha tu kwamba divai bora kijijini inatoka nyumbani kwa Jumber Nozadze, kama ambavyo nimekuwa nikisema siku zote. Lamara ameridhia inywewe harusini kwa sharti moja: nitakaponyanyua bilauri mbele ya wakwe, niseme wazi nani aliyeitengeneza. Nimeanza kufanya mazoezi kule shambani, peke yangu. Maneno ya mwanzo nayasema vizuri. Nikifika kwenye jina lake navua kofia na kuanza upya, na hapo hata tone sijanywa.