Mahali pa Kumwitia Paa

Jumatano, 5 Juni

Siku kubwa! Tata Kasimu, baba yake Yasmine, amekubali kunifikiria nimwoe binti yake. Sharti lake: Jumapili niende naye porini, upande wa Nzilo, kumwita paa. Hapigi, haui. Anabana pua, analia kama mtoto wa paa, paa mwenyewe anakuja, wanatazamana, basi, kila mtu kwao. Alifundishwa na marehemu baba yake. Siku hizi, kwa migodi hii na malori haya, anataka tu kujua kama bado wapo. Mzee gani huyu! Ukimwona dukani kwake hapa Musonoi, akipima vitenge, huwezi kumdhania.

Anasema mume wa binti yake atamjua huko huko porini: anavyochagua mahali, na anavyotulia.

Habari mbaya: Baraka, mposaji mwenzangu, naye amealikwa. Dereva wa lori la Fungurume. Ana lori, ana mabega, ana meno mazuri. Mimi ni karani wa mizigo.

Ijumaa, 7 Juni

Mazoezi. Nilibana pua chumbani nikalia vizuri mno. Mama Ndaya, jirani, akaingia mbio na kunitwanga mgongoni, akidhani nimekwamwa na mwiba wa samaki. Nikamweleza. Akasema afadhali ningekwamwa. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Juni

Ujanja wangu: nimetangulia kwa pikipiki ya taxi-moto kuchagua mahali kabla ya Baraka. Nimepata! Juu ya kichuguu kirefu kama nyumba. Kivuli, upepo mtamu mgongoni, kichaka chote kiko mbele yako. Paa yeyote mwenye akili atakuja. Nimefagia. Nimeacha na mkeka.

Jumapili, 9 Juni

Nilijipaka marashi mpaka mwenye pikipiki akapiga chafya. Na Yasmine alikuwapo! Kumbe baba yake amemfundisha kuita tangu utotoni. Nikawapandisha kichuguuni kwa maringo. Tata Kasimu akatoa jivu kwenye kimfuko, akaliachia hewani. Likaruka moja kwa moja kuelekea kichakani, na marashi yangu nyuma yake. Akaniuliza kama nataka paa waje au wahame mkoa.

Hapo Yasmine akashika uongozi. Akatuzungusha mbali mpaka upepo ukatupiga usoni, akatulaza nyuma ya gogo, ukingoni mwa mahali palipoungua, ambapo majani mabichi yameanza kuchipua. Alipima kila kitu: jivu, kivuli, vijia vya kwato. Mimi na harufu yangu akatuweka nyuma kabisa. Haki yake! Nilimtazama nikasahau kupumua. Baraka alijilaza kimya.

Akabana pua. Sauti ile! Nilitaka kulia mwenyewe. Akanyamaza. Akaita tena. Majani yakatikisika, na paa akatokea. Jike, mdogo, masikio yamesimama, anakuja taratibu, anakuja, mpaka karibu na gogo letu. Tata Kasimu machozi yalikuwa yanamtoka. Nilimpenda Yasmine, nikampenda mzee, nikampenda na paa.

Nikapiga makofi. Nikasema kwa sauti: "Mashallah, Yasmine! Bravo!"

Paa sasa hivi yuko Zambia. Tata Kasimu aligeuka polepole. "We Iddy, kinywa yako iko na shida gani?" Yasmine alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Sikujua kama analia. Kisha mzee akamsifu Baraka: kijana mtulivu, hakusogeza hata kidole. Alikuwa amelala usingizi! Ilibidi tumwamshe wakati wa kuondoka.

Jumanne, 11 Juni

Nafisa, mdogo wake Yasmine, kaniletea habari. Dada yake hakulia. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na anasema hajawahi kusifiwa hivyo na mtu yeyote. Ananitaka mimi, si yule msinziaji. Baba bado ana hasira, lakini ameanza kulegea. Ujumbe wenyewe: "Ukae kimya wiki moja tu. Usifanye kitu. Mi nitasema na baba."

Mwanamke gani huyu! Akili gani! Anajua hata namna ya kumsubiri baba yake. Nimezunguka chumbani saa nzima kwa furaha.

Sifa za juzi hazikumtosha kabisa. Nimeshaongea na fanfare: tarumbeta sita, ngoma mbili. Tunaanza kesho alfajiri, chini ya dirisha la Tata Kasimu.