Mrudisheni Mjukuu Wangu Dawati la Nyuma

Kwa Mudira Lamees,
Mkuu wa Skuli ya Wasichana, Ibra, Oman.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai u mzima na wazee wako hawajambo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu najua mama yako ni mtu wa Wete, na pia sitaki karani wako azijue aibu zangu.

Mimi ni Bi Mabruka, bibi yake Mazoon wa darasa la nne. Bila shaka unamkumbuka, ndiye mweusi peke yake darasani, yule aliyekuwa akiitwa haitiki. Mwalimu wake wa zamani alituambia mtoto hana ugonjwa wowote, ila “nyinyi watu wa Zanzibar mmemchanganya kwa lugha mbili,” basi tuache Kiswahili nyumbani. Nami nikatii! Mwaka mzima nilisema Kiarabu changu cha kuungaunga mpaka paka akawa hanifahamu. Ulipokuja wewe ukataka apelekwe kwa daktari, kumbe mtoto hasikii vizuri, nasi tukakirudia Kiswahili chetu. Akapewa vifaa vya masikioni, akawekwa dawati la mbele, na walimu wakaambiwa wamtazame usoni wanaposomesha. Kila mtu anakuombea dua. Mimi nina malalamiko.

1. Jumamosi asubuhi wanawake wa mtaani huja kwangu kunywa kahawa. Desturi yetu unaijua: akiwapo jirani asiyejua Kiswahili, na tunataka kumsema, tunahamia Kiswahili huku tunacheka naye na kumsogezea tende. Mazoon alikuwa akikaa katikati yetu kama mto wa kuegemea. Juzi nikasema halwa ya Bi Shaikha inafaa kuzibia bomba. Mtoto akamgeukia mwenyewe akamfasiria kwa Kiarabu safi, akamwonesha na bomba lenyewe. Bi Shaikha hajaja tena, na ndiye pekee kati yetu mwenye gari.

2. Ananiambia nakoroma. Watu wa nyumba hii walikuwa wakinistahi.

3. Nilimnunulia krimu ya kung'arisha uso kwa ajili ya Idi. Nikamwambia mama yake, mtoto yupo hapo hapo, kwamba masikio ndiyo hivyo tena, angalau rangi tumsaidie. Zamani yangepita hayo. Sasa akauliza kama na mimi nilipakwa nilipokuwa mdogo. Mudira, mimi ni mweusi tii! Krimu nimeificha kabatini chini ya mashuka.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Wiki iliyopita alirudi kutoka skuli hataki kula. Msichana aliyekaa nyuma yake amemwita lile neno la kututukana watu weusi, lile la utumwa, sitaliandika hapa. Wallahi nililia jikoni, nikasingizia vitunguu. Kisha nikafikiri, nikaona kosa ni lako. Mtoto alikuwa na kinga yake. Mkamfungua masikio kabla hamjawasafisha watu midomo! Pengine mkoa wetu wote wa Sharqiyah ulikuwa na mtoto mmoja mweusi asiyetukanika, nanyi mmemharibu.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote mvichukue vifaa vyenu, na yeye arudi dawati la nyuma alikokuwa, au kile chumba cha watoto wanaosomeshwa peke yao mwisho wa ukumbi, chenye zulia na mlango unaofungika. Likishindikana hilo, basi skuli nzima izibwe masikio, wanafunzi na walimu, ili wote wawe sawa. Pamba nitaleta mimi. Kama elimu jumuishi maana yake ni kujumuishwa, nami najua kujumuisha.

Nisalimie mama yako sana, walimu wote, dereva wa basi, mlinzi wa getini, na karani pia, ingawa nimemsema.

Mimi niliyekosa raha kwa ajili yenu,
Bi Mabruka binti Ghanim

Nyongeza: Barua hii nimemsomea mama yake kwa sauti, Mazoon amekaa mbele yetu. Vifaa alikuwa amevivua, nikajiona niko salama. Kumbe midomo yangu ameisoma mwanzo mpaka mwisho. Akaniambia neno lile analijua tangu darasa la kwanza. Alipokuwa kule nyuma wenzake walikuwa wakigeuka kumtazama, naye akiliona midomoni mwao, akawa anageukia ukuta asilione. Safari hii, anasema, ndiyo mara ya kwanza amemjibu mtu, na abla, mwalimu wake, akasikia. Kula hakutaka kwa sababu alikuwa bado na hasira, na akiona raha nayo. Basi Mudira, usiishughulikie barua hii. Mwache mbele, na yule msichana mkalisheni karibu naye amsikie vizuri. Na yule daktari wa masikio, tafadhali niombee na mimi miadi. Mtoto katukanwa miaka yote hiyo, nalala naye chumba kimoja, na sikusikia kitu.