Mwongozo wa Uhuru Salama

Gari la matangazo lilianzia Chikongola, likapita Rahaleo, likashuka hadi Ufukoni, na kila lilikopita kuku walikimbilia uvunguni. Lilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu, mashujaa wazee wote wanaotunzwa kwenye Makazi ya Mashujaa wako huru. Huru kuamka, huru kulala, huru kwenda watakako bila kuulizwa na mtu. Sauti ilikuwa ya Bwana Faraji mwenyewe, Afisa Uhuru na Usalama wa Makazi, ambaye alijirekodia chooni ofisini, maana huko ndiko sauti yake ilikotoka na mwangwi wa kiserikali.

Jumatatu ilipofika, geti lilifungwa kwa kufuli jipya.

Hapo hapakuwa na kosa lolote. Bwana Faraji aliwakusanya wazee kwenye baraza, akawaeleza kwa upole, kama mtu anayewagawia watoto kashata. Uhuru, alisema, ni kitu kizito. Ukimpa mzee uhuru kiholela, anaweza kuteleza nao. Kwa hiyo ofisi imeandaa Mwongozo wa Uhuru Salama. Shujaa anaweza kwenda popote apendapo, mradi apimwe kwanza. Akifaulu, anapewa kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda, anakwenda zake. Akishindwa, naye yuko huru vilevile, ila atatoka ameshikwa mkono na ndugu wa damu au na mzee aliyefaulu, na atafuata safari ya huyo aliyemshika.

"Sasa si utupime," alisema Bi Somoe, aliyekaa mbele kabisa na kitenge chake cha maua ya njano.

"Kipimo hakijazinduliwa, bibi."

"Kinazinduliwa lini?"

"Mgeni rasmi akipatikana."

Bi Somoe aliinamisha kichwa, akawa anahesabu kwa vidole, lakini si siku za ofisi. Alikuwa anahesabu bamvua. Siku za bamvua bahari ikipwa sana, mwamba wa Ufukoni hubaki mtupu asubuhi nzima, na wanawake hushuka na vyuma vyao kuchokoa pweza mashimoni. Bi Somoe alikuwa akishuka kila bamvua tangu alipoletwa Makazi, baada ya kimbunga kuezua paa la nyumba yake Msimbati. Akipata pweza anampondaponda jiweni mpaka alainike, anambeba hadi Rahaleo kwa mwenzake Zawadi, anamchemshia supu.

Zawadi alikuwa kitandani kwa bintiye Nuru. Wakati wa vita vya kuwatoa Wareno ng'ambo ya mto, hao wawili, wangali wasichana wadogo, walivusha masanduku ya risasi mto Ruvuma, sanduku kichwani, mmoja mbele na mwingine nyuma. Sasa Zawadi hali kitu zaidi ya ile supu. Nuru alijaribu uji, akajaribu viazi pori vya ming'oko, akanunua hata supu ya pweza ya barabarani. Mama aligeukia ukutani.

Bi Somoe alimfuata Bwana Faraji hadi mlangoni pa ofisi.

"Mwanangu, mwenzangu atakufa na njaa."

Bwana Faraji aliguswa. Hakuwa mtu wa roho mbaya, tena alikuwa akiwaandikia mashujaa hotuba nzuri sana. "Bibi, ofisi haiwezi kunyamaza. Tutaagiza pweza. Nitapeleka maombi, itangazwe zabuni, wazabuni washindanishwe, mwakani mwanzoni mwanzoni hivi pweza atakuwa amefika."

"Mwakani Zawadi atamlia kaburini?"

"Ndiyo changamoto ya mchakato."

"Halafu Zawadi hataki pweza, baba. Pweza wamejaa sokoni. Anataka mtu."

Bwana Faraji alitafuta kifungu cha mtu, hakukipata.

Kesho yake alfajiri Mikaeli, mlinzi wa geti, alimfungulia Bi Somoe. Hakufika hata penye mwembe wa jirani. Bwana Faraji alikuwa anakuja kazini na pikipiki. Chuma cha pweza kikachukuliwa, kikafungiwa stoo pamoja na nyembe za wazee, kwa kuwa ni silaha. Mikaeli akapewa onyo kali.

"Naomba maelekezo, afisa," Mikaeli alisema, mikono nyuma kama mtu mwenye watoto wa kulisha. "Nisimfungulie nani hasa?"

"Mtu yeyote wa miaka sitini kwenda juu ambaye hajafaulu."

"Na akiwa mtu mkubwa?"

"Hata awe nani!" Bwana Faraji aliligonga geti kwa kiganja. Alipenda jinsi maneno yale yalivyolia, akaamuru yaandikwe kwa rangi ukutani, chini ya picha ya mzee anayecheka: HATA AWE NANI.

Bamvua moja ikapita. Nuru alikuja getini kusema mama anakunywa maji ya kijiko tu. Mikaeli alilia kidogo, hakufungua. Bwana Faraji alimpongeza kwa weledi.

Hatimaye mgeni rasmi akapatikana. Alikuwa Mheshimiwa Jafari, Mwenyekiti wa Baraza Kuu la Uhuru Salama, mzee mnene wa miaka sabini mwenye sauti ya bati, ambaye ndiye aliyeweka saini kwenye Mwongozo bila kuusoma, kwa sababu alimwamini Bwana Faraji, naye Bwana Faraji aliuandika bila kuuelewa, kwa sababu alimwamini mheshimiwa. Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, siku ya bamvua. Kulikuwa na maturubai, ngoma, waandishi wa habari, na viti vya kukunja kwa wazee. Wageni walipewa vya sofa.

Mheshimiwa alihutubia. Alisema mashujaa hawa walitupa uhuru, na sasa serikali inawarudishia, kidogo kidogo ili usiwadhuru. Akasema Mwongozo huu hauna mwenyewe. "Awe mkulima, awe waziri, akifika umri, apimwe! Mimi mwenyewe sitaki upendeleo!" Makofi yakapigwa. Bi Somoe hakupiga. Alikuwa anatazama bahari kule chini ya minazi, jinsi mwamba ulivyoanza kutoa mgongo.

"Tunaanza kupima!" Bwana Faraji alitangaza kwenye kipaza sauti.

Bi Somoe alikuwa ameshasimama.

Kipimo kilitungwa na mtaalamu aliyelipiwa hoteli. Kwanza, mzee aseme leo ni siku gani. Pili, asimame kwa mguu mmoja mpaka kengele ilie. Tatu, avuke ua na kikombe cha chai bila kumwaga.

"Leo siku gani, bibi?"

"Alhamisi. Bamvua. Na maji yatageuka kabla ya adhuhuri, kwa hiyo fanya upesi."

Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mpiga kengele akajisahau anamtazama, mpaka akakumbushwa. Kilipofika kikombe, Bi Somoe alikizungusha mkononi, akakiona kidogo, akakiweka kichwani. Akavuka ua huku mikono imelegea kiunoni, akapita kati ya waandishi, akarudi, akamkabidhi mheshimiwa chai yake.

Mheshimiwa akacheka kwa furaha. "Bibi, nani alikufundisha?"

"Masanduku ya risasi, mdogo wangu."

"Na ninyi wakati ule mlipimwa?"

"Hatukupimwa. Tuliulizwa tu kama shingo inauma. Ukisema inauma, unapewa sanduku dogo." Akamtazama. "Wewe ulikuwa upande gani?"

"Mimi nilikuwa upande wa mipango."

"Aa. Ndiyo maana hatukuonana."

Waandishi wakacheka, na mheshimiwa, ambaye hapendi kicheko kuishia kwa mtu mwingine, akavua koti. "Nami nipimwe! Uzinduzi kwa vitendo!"

Bwana Faraji karibu alie kwa fahari. "Mheshimiwa, leo ni siku gani?"

Mheshimiwa alimtazama msaidizi wake. Msaidizi alikuwa anapiga picha. "Leo," alisema mheshimiwa, "ni siku muhimu."

"Jibu liko karibu sana," Bwana Faraji alisema.

Mguu mmoja ulidumu kiasi cha mtu kupiga chafya, kisha mheshimiwa akaidaka tai ya Bwana Faraji, wakayumba pamoja mpaka kwenye nguzo ya turubai. Chai ilimwagikia viatu. Watu walipiga makofi kwa heshima. Na Bwana Faraji, tai bado imemkaba, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, akafanya kile ambacho ulimi wake ulizoea kufanya baada ya kila kipimo cha majaribio.

"Hakufaulu," alitangaza. Gari la matangazo lililokuwa limeegeshwa nje likalipokea neno hilo, likalipeleka hadi Ufukoni.

Mheshimiwa alicheka, akapewa taulo, akaaga, akaingia garini. Gari likafika getini. Geti halikufunguka.

Mikaeli alisogea dirishani, akapiga saluti. "Shikamoo mzee. Una umri gani?"

"Mlinzi, unajua huyu ni nani?" msaidizi alifoka.

"Namjua. Ndiyo maana imeandikwa pale." Mikaeli alinyoosha kidole ukutani. Waandishi wote wakageuza kamera ukutani, kisha wakazirudisha kwa mheshimiwa.

"Faraji!" sauti ya bati iliita. "Mwambie afungue."

Bwana Faraji alikuja mbio, jasho likimtiririka kwenye kola. Akafungua Mwongozo, akausoma pale pale, kwa mara ya kwanza kama mtu anayetafuta mlango. Kupimwa tena ni baada ya mwezi, misuli ipumzike. Dereva si ndugu wa damu. Ndugu wa damu wako Dodoma. Kuvunja utaratibu mbele ya kamera, nusu saa baada ya hotuba ile, hata mheshimiwa mwenyewe alitikisa kichwa, hapana.

"Kuna njia, mheshimiwa," Bwana Faraji alisema, na uso ukamchanua. "Utashikwa mkono na mzee aliyefaulu."

"Nani amefaulu?"

Bi Somoe alikuwa ameegemea geti, kizibao cha kung'aa juu ya kitenge, beseni kwapani. "Nitamshika," alisema. "Ila mimi nina safari yangu. Na chuma changu kitoke stoo."

Chuma kilitoka stoo, na Mikaeli akafungua geti wazi, pande zote mbili.

Bwana Faraji aliwafuata na pikipiki yake, kwa ajili ya kuandika ripoti. Aliona gari lenye bendera likiegeshwa mchangani Ufukoni. Aliona mheshimiwa akishuka mwambani, suruali imekunjwa magotini, mkono mmoja umeshikwa na Bi Somoe, mkono wa pili umebeba beseni.

"Usikanyage hapo, mdogo wangu, pana fundo la bahari, lina miiba. Sogea. Unakanyaga kama miguu umeikodi."

"Bibi, nina kikao."

"Na pweza naye ana kikao. Shika beseni vizuri."

Akainama, chuma kikaingia shimoni, kikatoka na pweza wa kuridhisha, akamtia begani mheshimiwa wakati anatafuta mwingine. Pweza ana mikono mingi na shati lilikuwa jeupe.

Rahaleo, Nuru alikuta gari lenye bendera mlangoni akadhani wamekuja kuvunja nyumba. Bi Somoe aliingia moja kwa moja jikoni, akamponda pweza, akachemsha, akakamulia ndimu. Halafu akaketi kitandani.

"Zawadi. Nimechelewa. Walikuwa wananipa uhuru."

Zawadi aligeuka kutoka ukutani taratibu, kama mlango wenye kutu. Akafungua mdomo. Bakuli alilishika mheshimiwa, kwa kuwa mkono wa Bi Somoe mmoja ulikuwa na kijiko na mwingine, kwa mujibu wa Mwongozo, haukutakiwa kumwachia. Zawadi alimeza, akamtazama mwenye bakuli.

"Huyu nani?"

"Mtu wa mipango."

"Mwambie asitetemeshe."

Zawadi alikula mpaka mnofu wa chini ya bakuli. Nuru alikwenda kulilia nyuma ya nyumba, ambako alimkuta Bwana Faraji naye yuko huko, anajifanya anatafuta mtandao.

Alasiri msaidizi aliwasili kwa bodaboda na waraka uliochapwa upesi, wa kuufuta Mwongozo wa Uhuru Salama leo hii, tena kimyakimya. Ulihitaji saini ya Mwenyekiti tu. Bwana Faraji aliusoma mara mbili, maana alikuwa ameanza tabia hiyo ya kusoma.

"Kuna kikwazo kidogo," alisema kwa masikitiko. "Mzee aliyeshindwa kipimo, saini yake haitambuliki mpaka mwenye kumshika aridhie. Nadhani tuliogopa wazee wasije wakaandikiana nyumba."

Msaidizi aligeukia jikoni. "Bibi, tunaomba uridhie. Mheshimiwa anahitajika ofisini."

Bi Somoe alichungulia uani, ambako Mwenyekiti wa Baraza Kuu, aliyeachiwa mkono kwa kazi hiyo tu, alikuwa amechuchumaa juu ya kibao cha mbuzi, mikono imejaa majivu na povu.

"Atasaini," alisema. "Akimaliza kusugua sufuria."