Kuhusu Mwanafunzi Wenu Anayesifu Kila Kitu

Shule ya Msingi Louhivaara,
Mashariki ya Ufini.
Juni 2

Ndugu Mratibu wa Ziara Fupi za Wanafunzi wa Ualimu,

Nakusalimu kwa heshima. Nimepata fomu yako inayouliza kama mwakani tutapokea tena mwanafunzi kutoka Ohio kwa wiki tatu, kama tulivyompokea Delaney Huber mwezi Mei. Nafasi ya kujibia ni ndogo na malalamiko yangu ni makubwa, kwa hiyo naandika barua. Nimekuwa mwalimu mkuu hapa miaka kumi na tisa. Tuna watoto thelathini na mmoja, na tulikuwa tumetulia.

1. Anaandika kila kitu. Alikuja kutafuta siri ya ufanisi wa shule zetu. Nilimwambia hatuna siri, akaliandika na hilo. Siku moja nilimuuliza mtoto swali la hesabu, kisha nikanyamaza kitambo kirefu nikitazama dirishani. Delaney akaandika: "Mwalimu humpa mtoto nafasi ya kufikiri." Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza mashua yangu, ambayo bado haijapakwa lami. Nasikia daftari hilo litasomwa mbele ya darasa zima huko kwenu. Naona haya.

2. Anasifu. Kwetu mtoto akifanya vizuri, mwalimu hasemi kitu, na mtoto anaelewa. Delaney alimwambia Onni wa darasa la pili kwamba sungura aliyemchora ni wa ajabu, na kwamba Onni mwenyewe ni wa ajabu. Kesho yake baba yake, Veikko, dereva wa lori la magogo, akaja shuleni kofia mkononi. "Mwalimu, usinifiche. Mtoto anaumwa nini?" Ilibidi nimtulize kwa vikombe vitatu vya kahawa. Sungura mwenyewe alikuwa wa kawaida tu. Labda masikio.

3. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, nami nilimpa reki tukakusanye majani uwanjani pamoja na wazazi, kama kila mwaka. Akampa kila mtu mkono na kumuuliza jina. Wako wazazi wawili waliosafisha uwanja ule bega kwa bega miaka sita bila kusumbuana. Sasa wanatembeleana.

4. Hili ndilo zito. Asubuhi moja aliingia jikoni akamuuliza mpishi wetu, Sirkka, "Umeamkaje, mama?" Hapa swali hilo haliulizwi na mtu asiye na muda wa kusikiliza jibu. Sirkka akajibu kwa dakika arobaini. Uji wa shayiri ukaungua, watoto wakala mkate mkavu. Mumewe alifariki Februari. Sisi walimu tulitia saini kadi ya rambirambi, kisha tukamwachia nafasi, kama ilivyo adabu yetu. Nilimkuta ameshikana mikono na Delaney, macho mekundu. "Nisamehe uji, Mwalimu," akaniambia, "ila leo nimepumua." Nimekula chakula cha mama huyu miaka yote kumi na tisa. Maneno yale yaliniuma, na sipendi kuumizwa saa za kazi.

Kwa hoja hizo, naomba mwakani msituletee mtu. Ikibidi sana, mleteni mwenye mafua, sauti imekauka, kwa siku nne. Madhara mnayaacha kwetu: watoto wakimaliza kazi sasa wananitazama usoni na kungoja. Juzi nilijikaza nikamwambia Onni kazi yake ni nzuri. Akaniuliza kama nastaafu.

Wasalimie wakufunzi wenzako na wazazi wa Delaney. Sirkka anawasalimu, watoto wanawasalimu, na Veikko pia, kwa kuinamisha kichwa.

Wako katika kazi hii ya chaki,
Aune Pesonen

N.B. Fomu nimeijaza. Nimetia alama kwenye "ndiyo", na penye wiki tatu nimekata nikaandika sita. Jambo lingine. Siku ya kuondoka nilimsindikiza Delaney kituoni. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu nilipoamka. Tulisimama dakika kumi na mbili, nikamwambia kwamba basi la hapa huwa halichelewi, nalo halikuchelewa. Nadhani ameondoka akiamini simpendi. Ninyi wa huko mnajua kuyasema mambo haya, kwa hiyo tafadhali mwambieni. La, msimwambie. Nipeni anwani yake, nitamwambia mwenyewe.