Kibali cha Paa wa Bibi Mwanatatu

Chrispine alikuwa anamalizia chapati kwenye kibanda cha chai cha Likoni aliposikia bibi mmoja akilalamika, akatega sikio. Alikuwa mtu wa kutega sikio. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, pamoja na kulipia kidogo na kula sana. Bibi huyo, Mwanatatu, mkulima wa mihogo, alikuwa na paa wawili aliowaokota shambani wakiwa wachanga. Ofisi moja ilimwambia paa ni mnyama wa mwituni, haiwahusu. Nyingine ikamwambia mnyama akishaingia zizini ni mfugo, haiwahusu. Ya tatu ilitaka barua kutoka zile mbili. Miaka mitatu alizunguka akitafuta kibali cha kuwafuga, akiogopa siku moja watamnyang'anya wanyama wake au wamfunge yeye mwenyewe.

Chrispine alimhurumia mno, mpaka chapati ilipokwisha. Kisha akampigia Bonface, mwenye hoteli ya nyama Miritini, ambaye wateja wake walikuwa wanaulizia paa. Bonface alikwisha kulizwa naye mara mbili, kwa hiyo akataka pikipiki ya Chrispine ikae kwake mpaka paa wafike. Chrispine akaipeleka akipiga mluzi.

Asubuhi iliyofuata alipiga hodi kwa bibi, shati jeupe, faili kwapani.

"Shikamoo, bibi. Natoka ofisi kuu. Shida yako inakwisha leo."

"Marahaba, mwanangu. Leo hii hii?"

"Leo hii. Paa wanakwenda kupimwa siku saba, kisha wanarudi na kibali. Kanuni inasema wasafiri ndani ya tenga lililofunikwa, na lisifunguliwe njiani, maana paa akishtuka hufa."

Kanuni hiyo aliitunga pale pale mlangoni, na ilimpendeza kweli. Akaandika namba ya simu ya bibi kwenye faili, akampa karatasi yenye mihuri mitano, kwa ukarimu ambao hajawahi kuuonyesha kwa mali yake mwenyewe. Bibi akamkalisha barazani, akamwekea kahawa na mahamri, kisha akaenda uani na jirani yake Jafar kufunga tenga. Walikawia. Purukushani ilisikika. Chrispine akaongeza hamri la nne.

"Usifungue njiani, mwanangu," bibi alisema akimkabidhi tenga. "Kanuni yako hiyo."

Hakufungua. Alivuka feri amelikumbatia, akapanda tuktuk hadi Miritini, akalitua mezani kwa Bonface na kukata kamba. Paka shume wawili wa soko la samaki, wenye njaa na hasira ya safari nzima, wakamrukia usoni. Bonface alicheka mpaka akakaa chini, halafu akatia ufunguo wa pikipiki mfukoni mwake.

Chrispine akapiga simu huku shavu linavuja damu.

"Bibi, umenidanganya!"

"Pole, baba."

"Ulinijuaje?"

"Miaka mitatu nazunguka maofisini, na wallahi hakuna afisa aliyepata kunijibu siku hiyo hiyo. Wewe ukaja mpaka mlangoni na jibu mkononi. Nikamwambia Jafar, huyu tapeli, katafute paka."

"Nakwenda ofisini kukushtaki!"

"Nenda, mwanangu. Ukishajua ni ofisi gani, na mie niambie."